Kushoto Kidogo

Julai kule Chile ni baridi ya kuuma meno.
Saa kumi na moja alfajiri pipa linafika:
ngisi wawili, wazito kama watoto wa miaka mitatu,
wanabadilika rangi, wekundu, weupe, wekundu tena,
kama watu waliosahau walitaka kusema nini.

Eduvigis Painemal havai glavu.
Miaka kumi na tisa penye meza ya maji yanayotiririka,
vidole vyake vimekuwa vyeupe kama maganda ya vitunguu saumu.
Anachana joho la ngisi kwa mkasi mrefu,
anawasha taa chini ya kioo.
Tazama, mwanafunzi.
Natazama. Sioni kitu.
Usitazame nyama. Tazama mwanga unapopinda.
Ndipo nauona: uzi
mnene kama tambi ya supu, mwangavu kama mate,
mshipa wa fahamu alioutegemea ngisi kila alipokimbia
isipokuwa jana.

Wa kwanza niliukata. Wa pili pia. Wa tatu niliutoboa.
Hakunigombeza. Alichukua wa nne,
akaufunga fundo ncha mbili kwa uzi wa hariri,
sigara mdomoni, jivu refu lisilodondoka.

Ngisi mwenyewe kishakufa, yuko jikoni
anasubiri saumu na mafuta ya saa saba.
Lakini mshipa, katika bakuli la maji ya bahari,
ukiguswa na umeme mdogo, unajibu:
mstari wa kijani unaruka kwenye kioo, unatua.
Unaruka, unatua.
Mjumbe hauawi, nikasema kimoyomoyo,
hata kama aliyemtuma ni chakula cha mchana.

Alasiri Dokta Undurraga akatuonyesha makubwa zaidi.
Akaupitishia mshipa kigurudumu cha mpira,
akaukamua matumbo yote kama dawa ya meno,
akaujaza maji ya chumvi ya potasiamu.
Ganda tupu.
Akaligusa.
Likaruka.
Tulipiga makofi. Yeye alikohoa tu, akaandika saa.

Eduvigis hakupiga makofi, alikuwa anakausha mkasi.
Akauliza bila kugeuka:
Kwa hiyo ndani si lazima awemo mtu?
Dokta akachora ubaoni: nje sodiamu, ndani potasiamu,
vijilango vinafunguka, vinajifunga.
Akachora vizuri. Akachora mpaka chaki ikaisha.
Sikuuliza hivyo, akasema mama yule,
akaenda kuchukua koti lake.

Nililala kwao usiku ule; basi la mwisho lilikuwa limeondoka.
Kaka yake, Nibaldo, alichimba makaa huko Lota,
ambako mashimo hupita chini ya sakafu ya bahari.
Mguu wake wa kulia umebaki huko,
na kiatu, na soksi aliyoifuma mama yao.
Alinikaribisha divai. Alinifunga karata mara nne.
Katikati ya mchezo wa tano akakunja uso.
Umekuja, akasema.
Dada yake hakuuliza ni nini kilichokuja.
Akapiga magoti mbele ya kiti,
pale suruali ilipokunjwa na kubanwa kwa pini,
akaanza kukuna sakafu.

Mbao tupu. Kucha zilitoa sauti ya panya.
Nikashikilia karata zangu, sijui nitazame wapi,
mimi niliyefaulu mitihani yote ya neva.
Juu, akasema Nibaldo. Hapo penye unyayo. Siyo hapo.
Kushoto.
Kushoto kidogo.
Akakuna.
Naye akafumba macho, mabega yakashuka
kama mstari wa kijani unapotua.

Kesho yake, saa kumi na moja, pipa lilifika.
Nikautoa mshipa mzima, bila mkwaruzo, wa kwanza wangu.
Eduvigis akauinua kwenye taa, akaugeuza.
Si mbaya, akasema.
Kisha, chinichini: ya jana usimwambie Dokta.
Atataka kumpima.