Kajificheni

Mtaa wetu unaitwa Kajificheni.
Nani alijificha, alimkimbia nani,
kila baraza ina hadithi yake na hakuna mbili zinazolingana.
Mie namjua mmoja tu,
na alijificha chini ya kitanda changu.

Khelef alikuja na kijikopo cheusi,
kidogo kuliko kikombe cha kahawa,
akakiweka ndani ya daka, kando ya chetezo.
"Usikiguse, mama mdogo. Miezi mitatu."
Miezi mitatu nikapangusa vumbi kukizunguka
kama mtu anayefagia chumba mgeni amelala.

Namba ilipokuja hakuisoma.
Alinigeuzia simu tu,
kama daktari wa Mnazi Mmoja alivyotugeuzia ile picha
ya kifua cha mamake,
akauliza mara mbili: anavuta?
Zulekha!
Zulekha aliyekuwa akitoka uani nikifukiza udi.

Jina lake radoni. Haina rangi, haina harufu,
haipigi hodi.
Hupanda kutoka ardhini, hupenya nyufa za sakafu,
na ikikuta nyumba imefungwa
hukaa, kama mtu wa nyumbani.

Na nyumba hii haikuwa imefungwa.
Juu ya kila dirisha palikuwa na tundu,
chini ya mlango uwazi wa vidole viwili,
upepo ukiingia na harufu ya papa wa jirani
na kutoka na maneno yetu.
Ni mie niliyeziba.
Mwaka ule magoti ya Zulekha yalipokataa ngazi
nikamhamishia chumba cha chini, nikamnunulia kiyoyozi.
Fundi akasema baridi isivuje.
Nikaziba kwa saruji, kwa magazeti, kwa vipande vya kanga kuukuu.
Nikamfunika dada yangu
kama unavyofunika chakula, nzi wasiingie.

Khelef anasema huwezi kujua.
Anasema hesabu hii ni ya watu elfu, kwa mtu mmoja haisemi kitu.
Ananihurumia kwa lugha ya chuo.
Nami nampakulia wali tena, ingawa ameshiba.

Fundi Hamdu akatoboa sakafu pembeni, pale lilipokuwa kasha lake,
akachimba shimo la ndoo moja,
akasimamisha bomba jeupe, likapita dari mbili
mpaka juu ya bati, juu kuliko dishi la jirani.
Ndani yake pangaboi dogo:
lavuta chini, latema angani.
Nyufa akazijaza yeye.
Matundu nikayazibua mwenyewe, kwa patasi, moja moja.
La tatu lilitoa kipande cha kanga,
jina lake limeliwa na saruji, limebaki neno MAMA.
Nusu ya kanga za dunia zina neno hilo.
Hata hivyo nilikaa chini kidogo.

Bi Salhiya akaita kutoka dirishani kwake:
"Mmejenga choo juu ya paa?"
Nikamwambia, nyumba inatoa pumzi.
Akacheka mpaka akakohoa.
Siku ya nne akaja na sahani ya visheti,
akazungumza bei ya mchele, akazungumza mvua,
kisha, ameshashika kitasa cha mlango:
"Wajukuu zangu wanalala chini.
Kile kijikopo, chaazimwa?"

Kijikopo kilirudi kwangu baadaye. Namba imeshuka.
Haikwisha, haitakwisha;
hata huko nje ipo, Khelef asema, kidogo kidogo, kwa kila mtu.

Sasa nalala chumba kile.
Bomba languruma ukutani usiku kucha, nimelizoea.
Umeme ukikatika naamka kabla sijajua kwa nini.
Kimya ndicho kinachoniamsha.
Napapasa ukuta gizani, nafungua dirisha
wazi, mabawa yote mawili.
Mbu na waje.