Silinda Nane, kwa Sauti ya Chini

Nililinunua Rongai, kwa mjane wa mkulima wa ngano:
Valianti ya sabini na mbili, rangi ya strungi,
kuku wametaga kiti cha nyuma.
Lilipowaka, kuku walihama shamba.

Nikalipenda hivyo hivyo, miaka mitatu,
mpaka Jemutai wa mlango wa pili akajifungua mapacha.
Alikuja jioni moja. Hakufoka, hakumwita mwenye ploti.
Alisema tu, "Wamelala saa hii. Nilitaka ujue."

Kesho yake nikawa Shabab, kwa Lusweti,
mwenye mabomba matatu yaliyoning'inia ukutani.

La kwanza ndani halina kitu.
"Hili, ukikanyaga, Menengai itakujibu."
Vijana wa gereji wakaangua kicheko.

La pili lina vyumba, kama nyumba ya kupanga:
moshi unagonga ukuta huu, unarudi, unagonga ule,
unatoka umechoka.
"Lina adabu. Ila nguvu utaziacha mlangoni."

La tatu refu kama mguu wa korongo,
katikati njia imenyooka,
pembeni limeshindiliwa pamba ya kioo.
"Pumzi inapita, haiulizwi kitambulisho.
Kelele ndiyo inayobaki humo, inanywewa."

Nikataka la inchi tatu. Akakataa.
"Mbili na nusu. Tatu ni majivuno,
injini itapwaya kama mtoto ndani ya koti la babake."
Na ule mvumo wa kilomita themanini,
unaokaa kisogoni kama deni?
"Huo nautilia kibuyu," akasema,
akakigonga kwa spana, chuma cha mviringo, kikaitika *mm*.
"Na hapa katikati mabomba mawili yatapeana mkono,
kila moja limwachie mwenzake nafasi ya kupumua."

"Debe tupu ndilo livumalo," nikawaambia vijana,
maana macho yao yalikuwa yamenizeesha.
Kamonjo, mdogo kuliko wote, hakuinua kichwa:
"Na simba je, mzee? Naye ni mtupu?"

Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.
Usiku upepo ukitoka ziwani
tunamsikia, ng'ambo ya ua wa mbuga,
na hakuna anayesema ni debe.

Lusweti akachomelea hadi magharibi.
Nikalipeleka barabara ya Njoro, penye mwinuko,
nikakanyaga.
Likapanda kama maziwa jikoni:
kimya,
kimya,
kisha juu, na huna pa kushika.
Nilicheka peke yangu. Nilisikia hata saa ya dashibodi,
ambayo miaka mitatu nilidhani imekufa.

Zamu ya kinu cha unga huisha saa nane usiku.
Nikaingia ploti kama mwizi wa heshima.
Mapacha, kimya. Mbwa wa Jemutai, sikio moja tu.
Nikafungua mlango na kifua mbele

nikamkuta Trufosa jikoni, taa inawaka,
khanga mabegani, simu mkononi.
"Umepita wapi? Sikukusikia."

Kumbe alikuwa akinisikia tangu daraja la reli.
Mngurumo ukifika pale, aligeukia ukutani
na usingizi ukamchukua.
Hakuwahi kuniambia. Nami sikuwahi kuuliza.
Miaka mitatu, kelele yangu ilikuwa barua
na mimi, tarishi, sikujua nimebeba nini.

Sikurudi kwa Lusweti kukata chuma.
Mapacha wanaota meno; wana usiku mgumu wao wenyewe.
Ila siku hizi, nikifika darajani,
nashusha gia, ya tatu hadi ya pili,
mara moja tu, naachia mguu.
Gari linakohoa kwa ndani,
kama mtu mzima anayebisha hodi
kwenye nyumba yenye mgonjwa.

Nainua macho kwenye dirisha letu.
Taa inazimwa.