Vidoko

Studio yangu ni chumba cha uani, Majengo,
trei za mayai ukutani, blanketi la jeshi mlangoni,
luku ikisoma uniti nne na nukta tatu.
Restituta aliingia na vumbi la Kurio kwenye viatu,
akaweka elfu thelathini mezani, noti zimekunjwa mara nne.
Nataka biti ya kuchezeka, akasema.
Maneno ninayo.

Nikampa besi ya kutingisha bati.
Akafumba macho, akaimba Kisandawe.
Ulimi ulikuwa ukipasua vitu ndani ya kinywa:
kuni kavu, ganda la karanga,
tone likiangukia debe tupu.

Alipotoka kununua maji nikafanya kazi yangu.
Fundi husafisha, ndivyo nilivyofunzwa.
Kwenye kioo sauti ilisimama miiba miiba kama mgunga;
nikaita programu, nikabonyeza, ikafyeka.
Ikaniandikia: kelele mia moja na kumi na mbili zimeondolewa.
Nikajisikia fundi kweli.

Akarudi, akavaa hedifoni.
Hakukasirika. Afadhali angekasirika.
"Huyu nani?"
"Ni wewe."
"Mimi sina mapengo hivi.
Hapa nilimtaja mama mdogo.
Umemng'oa jina lote, umebakiza irabu."

Mama mdogo Fausta, akanieleza, alipokuwa darasa la tatu
alivishwa kibao shingoni kwa neno moja lililomponyoka.
Alikuwa anaomba maji.
"Kwa hiyo wewe si wa kwanza," akacheka,
akamalizia chupa yake.

Ndipo nikamkumbuka mchimba visima, mtu wa Ayalandi,
aliyekuja hapa kurekodi salamu za Krismasi kwa mama yake.
Babu wa babu yake, alisema, alitundikwa kijiti shingoni:
kila neno la Kiayalandi, chale moja kwenye mti,
jioni mwalimu anahesabu chale, anachapa.
Na sasa vijana wa kwao wanaghani kwa lugha ileile
na watu wanalipa kiingilio.
Nilidhani anatia chumvi.

Usiku ule nilirudisha vidoko kimoja kimoja,
kwa sikio na kidole, kama anayechambua mchele
ila mimi natafuta mawe ya kurudisha.
Kila kimoja nilikijaribu kinywani mwangu,
nikatoa mate.
Saa nane luku ikalia, ikakata.
Gizani nikamsikia mama yangu,
aliyenisemesha Kigogo mpaka wiki aliyofariki,
nami nikamjibu Kiswahili, sentensi kwa sentensi,
kama mtu anayerudisha chenji.

Wimbo ulitoka msimu wa zabibu.
Bodaboda wa Sabasaba wakaupiga mchana kutwa.
Watoto wa Chang'ombe wakaanza kupiga vidoko
kwenye foleni ya bomba, hata kwenye kipindi cha hesabu.
Nikampigia Restituta: lugha yenu imefufuka!
Akakaa kimya. Nikasikia mbuzi upande wake.
"Vidoko wanapiga," akasema.
"Hakuna anayeomba maji."

Jumamosi alikuwa studio simu ilipoita.
Mama mdogo Fausta, juu ya lile jiwe
ambalo ndilo lenye mtandao, na upepo ukimpiga.
Hakutoa pongezi.
Mstari wa tatu umekosea, alisema.
Ulimi uguse shavuni, usiguse meno.
Ulivyotamka wewe ni kitu kingine,
sikitaji kwenye simu.
Rudia.

Restituta akarudia.
Bado.
Akarudia.
Bado, mwanangu, unaogopa nini?
Nikabonyeza kitufe chekundu, nikakaa kwenye ndoo,
nikarekodi vyote: upepo, kosa, kosa jingine,
mama mdogo akisema bado, bado,
kisha akicheka kwa sababu safari hii
imekaribia.

Sikusafisha kitu.