Kanusho

Nilimfundisha mwenyewe, siku ya kwanza kabisa,
pale South B, mezani vikombe viwili na daftari:
ukiulizwa hujambo, jibu sijambo.
Wilmer Quishpe akaandika kwa herufi kubwa.
Akauliza maana. Nikasema, ni kanusho,
yaani huna neno, hakuna kilichokusibu.
"Na mwenye neno hujibu vipi?"
Nikamwambia tutafika huko.
Hatukufika.

Kazi yake ni waridi. Katika chumba baridi karibu na uwanja wa ndege
anapima shina kwa rula, anageuza jani,
anatafuta doa la ukungu kabla halijaonekana.
Ua lenye doa hutupwa.
Kwao, Cayambe, mama yake alifunga maua hayo hayo,
juu ya mstari huo huo wa ikweta,
ndiyo maana alidhani hatakuwa mgeni sana.

Saa zetu zilimtatiza. "Ninyi mnahesabu
tangu jua lichomoze. Sisi tunaanzia gizani."
Nami nikamsahihisha ngeli.

Mjini wanamrushia Jambo! kama mtalii,
neno zima, bila kuuliza kama analo.
Kila alfajiri Musyimi wa getini: Hujambo, mzee?
Sijambo. Dobi, sijambo. Muuza mayai.
Mkubwa wake kazini, macho kwenye simu:
sijambo, sijambo, kama karani anayegonga muhuri.
Usiku alikaa jikoni bila taa.
Friji, aliniambia, huongea Kihispania;
ikinyamaza tu ndipo anapojua yuko ugenini.

Mwezi wa saba, baridi ile ya kuingia mifupani,
alinunua githeri kibandani,
akachambua maharagwe, moja moja, akayaweka pembeni,
yakabaki mahindi meupe, kama ya kwao.
Akala kijiko kimoja.
Mama wa kibanda akadhani ni pilipili,
akamletea maji.

Kesho yake, getini:
Hujambo, mzee?
Akasimama, funguo mkononi.
"Nina jambo."

Hakuna kitabu changu chenye jibu hilo.
Musyimi hakucheka. Alivuta kiti chake cha plastiki,
kile chenye mguu uliofungwa waya, akamkalisha,
akammiminia chai kwenye kifuniko cha chupa.
Magari yalipiga honi. Akafungua geti kwa mkono mmoja,
mwingine akauacha begani pa yule mtu.

Siku hizi Jumanne saa kumi huenda kliniki.
Dawa, anasema, inamkausha mdomo.
Wiki nyingine hapokei simu.
Juzi alinifungulia daftari, ukurasa wa kwanza:
ile si- ameipiga mstari kwa kalamu nyekundu,
imebaki nusu ya pili, herufi kubwa, wino umefifia.
Akanitazama, akingoja.
Sikusahihisha.