Nani Aliye Ngazini?

Oktoba inaisha,
Sligo mvua yanyesha,
Nuala ameliwasha
gari la maktabani.

Rafu ya visa vya shari
ameipanga vizuri:
mizimu, fuvu, kaburi,
vyalala majaladani.

Mteja wake Malaki,
mchinja ng'ombe, hacheki,
kwa shoka hababaiki,
ana damu viatuni.

Usiku akifungua
ukurasa, hupumua
kwa shida, huku ajua
ni wino tu kitabuni.

Taa zote huziwasha,
mbwa wake akikesha;
upepo ukigongesha
lango, huruka kitini.

Na raha yake ni hiyo!
Baridi ya kwenye moyo,
mapigo yaende mbiyo,
naye salama nyumbani.

Leo kaleta kimoja,
kakifunga kamba moja.
"Mwisho sikuweza. Ngoja,
nani aliye ngazini?"

Nuala kashika shavu:
"Nami sikuwa na nguvu,
nilikoma kwenye fuvu
nikakimbia jikoni."

Wakaa bega kwa bega,
kila mmoja ni mwoga,
wakasoma, wakizuga
hawana hofu moyoni.

Likabaki neno moja.
Ko! Ko! Ko! Nani angoja?
Malaki, jitu la haja,
kajificha uvunguni.

Kumbe watoto watatu,
shuka nyeupe, viatu
vya mvua, wakithubutu
kuomba pipi mlangoni.

Malaki kajipangusa:
"Nilidondosha tu pesa."
Rafu akaipapasa,
vitatu viko kwapani.

Lile neno? Li ngazini.