Sahihi ya Ukingoni

Kalamu ya bluu iliniponza:
nilikandamiza mno, jina likatokeza nyuma ya picha
kama kovu la chanjo.
Makapeni nayo, masika mawili tu hapa Newala,
imegeuka rangi ya chai.

Muuza madaftari pale stendi ananiuliza,
"Mwalimu, unasahihisha mitihani?"
Hapana. Natafuta penseli laini,
ya kuandika ukingoni, pasipong'aa,
bila kumkwaruza Bi Nantimbo shavuni.

Mwenyewe, mbangua korosho,
aliitazama picha yake,
akaniona nachonga ncha, naijaribu kuchani, nachonga tena.
Akabandika dole gumba chini ya miguu yake:
utomvu wa maganda, mweusi,
usiotoka kwa sabuni wala magadi.

"Haya," akasema. "Na wewe andika."