Dada wa Nahodha

Wete, baada ya Isha, barazani kwa Shaame fundi simu,
kesi imefunguliwa tena:
Nahodha Razina alikuwa na dada, au hakuwa?

Sihaba, anayesomesha hisabati Limbani,
ameitazama “Walinzi wa Zohali” yote,
misimu kumi na minne, mara mbili,
mara ya pili na daftari mapajani.
“Hayumo. Sehemu ya kwanza Razina ni mwana pekee.
Sehemu ya thalathini na tatu anamwambia tabibu wa chuma:
sikuwahi kuwa na wa kugombania naye mto.
Sasa huyo dada mmemtoa wapi?”

“Tumemuona!” Ussi, kikombe hewani,
kahawa inamdondokea kanzuni na hana habari.
“Ukumbini kwa Jongo, kwa macho yetu.
Ndiye aliyebaki kwenye mwezi wa sita
akiushikilia mlango chombo kipate kuondoka.”

“Mwezi wa sita ulilipuka sehemu ya tano.”
“Ulipasuka. Kulipuka na kupasuka si mamoja.”
“Na mkono? Nahodha kakatwa wa kushoto,
msimu wa tisa anajikuna, unamuwasha, uo huo.”
“Wa bandia.”
“Wa bandia huwashwa?”
“Huwashwa. Kwa swichi.”

Hapo hata Shaame anaweka chini bisibisi.

Sihaba hacheki. Anamtoa kwa njia ya chuoni:
“Haya, sanadi. Nani mwengine aliyemuona?”
Kombo wa Bopwe. Yuko Maskati, simu hapokei.
Faki. Lakini Faki akisinzia tangu jina la filamu.
“Mmoja kahama, mmoja kalala, wa tatu ni wewe.
Hadithi dhaifu.”

Mimi nakoroga kahawa isiyo sukari.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nauza njugu ukumbini.
Jongo akisimama ubavuni mwa televisheni na fimbo yake,
wao wakisema chao, yeye akitupa chetu.
Kiingilio shilingi ishirini, au kikopo cha karafuu,
wala hakuuliza umezichuma shamba la nani.

Sehemu ya saba, umeme ukakatika.
Picha ikajikunja ikawa nukta, nukta ikafa.
Watu wakaanza kudai chao,
na chao Jongo keshakinunulia unga.
Akakohoa. Akasema, gizani:
“Basi, mlango ukafunguka. Akaingia mwanamke.
Nahodha akaruka kitini: Mize! Dada yangu!”

Hakuna aliyeuliza
mtu wa Zohali kalipata wapi jina la Mize.

Dakika arubaini. Njugu zangu zililiwa zote
na mikono nisiyoijua, sikudai hata senti.
Mlango wa mwezi wa sita ukamsaga vidole
na hakuuachia. Upande wa dirishani mtu akalia,
sisemi nani, kanzu yake leo ina kahawa.
Umeme uliporudi Nahodha alikuwa kakaa, anatafuna kitu,
na Jongo akaunga hapo hapo, fimbo juu:
“Arubaini ya Mize ilipokwisha...”

“Sema wewe!” Ussi kanigeukia. “Ulikuwepo!”
Kalamu ya Sihaba imeinuka.
Naweza kusema: giza. Neno moja, kesi imekwisha,
na Ussi atakwenda kwao na kanzu yake.

“Alikuwa na pengo,” nikasema. “Jino la mbele.
Akicheka analificha kwa kiganja.”

Kimya. Ussi ananitazama kama nimemuibia.
“Hilo,” anasema taratibu, “hata mimi silikumbuki.”
“Uliliona?” Sihaba anauliza.
“Nilikuwa mbele kabisa.”

Akalisaka sanduku la vifaa vya Shaame, akapata penseli.
Akaandika. Kwa penseli, lakini akaandika:
sehemu ya saba, dada, pengo.

“Na ule mkono?” akauliza Shaame.